Samaki Mgeni: Habari za Trauti katika Mito ya Nyandarua na Mlima Kenya

Katika nchi ya Kenya, upande wa mashariki wa milima ya Nyandarua, uko mto uitwao Gura. Mto huo huanza katika nyanda za juu zenye baridi, mahali ambapo miti haioti tena ila majani marefu tu. Huko juu maji huanguka katika magenge makubwa, hupita kati ya mianzi na misitu minene, kisha huteremka mbio hata katika mashamba ya chai na kahawa ya Nyeri. Mwishowe maji yake huingia katika Mto Tana na kwenda zake Bahari ya Hindi.

Mwaka 1905 mto huo ulitiwa samaki ambaye hakuwamo tangu dunia kuumbwa. Jina lake ni trauti. Alitoka Uskoti, nchi iliyo mbali sana, akavuka bahari akiwa bado ni yai. Leo imepita miaka zaidi ya mia moja, na wazao wake wangali wakiishi katika mito ya milimani.

Katika habari hii nitaeleza mambo matatu. Kwanza, trauti ni samaki wa namna gani, na kwa nini watu walitunga njia ya peke yake ya kumvua. Pili, alifikaje katika Afrika, na nani waliomleta. Tatu, hali ya mito yenyewe, jinsi mvuvi aisomavyo, na kwa nini yampasa kuijua hata mtu ambaye hatashika ndoana maisha yake yote. Jambo hili la tatu ndilo lililo kubwa kuliko yote.

SAMAKI MWENYEWE

Sisi tusemao Kiswahili huyaita maji ya mito na maziwa "maji baridi", ili kuyatenga na maji ya chumvi ya bahari. Kwa trauti jina hilo lafaa mara mbili, maana yeye hataki maji matamu tu, bali huyataka yawe ya baridi kweli kweli. Maji yakiwa na joto la digrii 10 hata 16, hula vizuri na kukua. Yakipita digrii 20, huanza kutaabika na kuacha kula. Yakikaribia digrii 25, uhai wake umo hatarini.

Sababu yake si ngumu. Samaki naye huvuta hewa, lakini huivuta kutoka katika maji. Maji ya baridi yaweza kushika hewa nyingi. Maji ya moto hushika kidogo. Tena maji yapigayo mawe na kuruka povu hujichanganya na hewa daima, lakini maji yaliyolala kimya hayapati hewa mpya kwa wingi. Kwa hiyo trauti hupenda mto wa mlimani, wenye mawe, wenye mwendo, na wenye kivuli.

Wako trauti wa aina mbili katika habari zetu. Wa kwanza ni trauti wa kahawia, ambaye asili yake ni Ulaya, Asia ya magharibi, na milima ya Atlas iliyo kaskazini ya Afrika. Rangi yake ni ya hudhurungi yenye madoa meusi na mekundu. Wa pili ni trauti wa upinde wa mvua, ambaye asili yake ni mito iingiayo katika Bahari ya Pasifiki, upande wa Amerika ya Kaskazini na upande wa mashariki wa Asia. Huyu ana mstari wa rangi ya waridi ubavuni, nao ndio uliompatia jina lake. Huvumilia joto kidogo kuliko mwenzake, wala si mwoga sana wa kuushika mtego wa mvuvi.

Jike atakapo kutaga huchimba shimo kwa mkia wake katika changarawe safi, huyaweka mayai humo, kisha huyafunika kwa vijiwe. Maji yapitayo kati ya vijiwe huyapelekea mayai hewa. Katika maji ya digrii 10 mayai ya trauti wa kahawia huanguliwa kwa muda wa siku 40 hivi. Katika maji yenye baridi zaidi hukawia sana. Lakini tope likiteremka kutoka mashambani na kuziba nafasi zile kati ya vijiwe, mayai hukosa hewa na kufa. Tafadhali, msomaji, yashike mambo haya mawili: ya kwamba baridi huchelewesha mayai, na ya kwamba tope huyaua. La kwanza ndilo lililomwezesha samaki huyu kusafiri duniani. La pili ndilo liwezalo kumwondoa.

NZI ASIYE NZI

Chakula cha trauti, kwa sehemu kubwa, ni wadudu. Wengi wao huishi chini ya mawe ya mto wakiwa wachanga, kisha hupanda juu ya maji, huota mabawa na kuruka. Wadudu hao ni wepesi na wororo mno, hata mtu hawezi kumtia mmoja katika ndoana bila kumponda. Basi watu wa kale walifikiri hivi: ikiwa mdudu mwenyewe hawezi kutiwa, na tumfanye mdudu wa bandia.

Habari hii ni ya zamani sana. Mwandishi mmoja wa Kirumi jina lake Aelian, aliyeandika yapata mwaka 200, alieleza habari za watu wa Makedonia waliovua katika mto uitwao Astraeus, ulio kati ya miji ya Beroya na Thesalonike, ambayo wasomaji wa Matendo ya Mitume wanaijua. Asema kwamba waliifunga ndoana kwa sufu nyekundu, wakaitia manyoya mawili ya jogoo, wakaitupa majini. Samaki alidhani ni mdudu, akaruka kumla, akanaswa.

Katika Uingereza kitabu kilichofundisha uvuvi kwa ndoana kilipigwa chapa mwaka 1496, na ndani yake mliandikwa jinsi ya kutengeneza nzi 12. Mwaka 1653 Izaak Walton alitoa kitabu chake juu ya uvuvi, na mwaka 1676 rafiki yake Charles Cotton aliongeza sehemu juu ya kuvua trauti kwa nzi wa bandia katika maji maangavu.

Njia yenyewe ni hii. Katika uvuvi tuujuao sisi, mvuvi hufunga risasi au jiwe dogo katika mshipi, na uzito huo huupeleka mshipi mbali. Lakini nzi wa bandia ni unyoya na uzi tu. Hana uzito wowote. Kwa hiyo mshipi wenyewe hufanywa mzito. Mvuvi hushika ufito mrefu mwembamba unaonesa, huurusha mshipi nyuma, hungoja unyoke, kisha huurusha mbele, na nzi hufuata nyuma ya mshipi na kutua juu ya maji kama mdudu wa kweli. Zamani mishipi ilisokotwa kwa singa za mkia wa farasi, baadaye kwa hariri. Na fito zilitengenezwa kwa mianzi iliyopasuliwa na kuunganishwa tena kwa gundi.

Mtu afanyaye hivi hawezi kufanikiwa kwa nguvu. Yampasa ajue ni wadudu gani waliopo mtoni siku ile, maji yana rangi gani, na samaki amelala nyuma ya jiwe gani. Kwa hiyo mvuvi wa nzi, apende asipende, huwa mwanafunzi wa mto.

SAFARI YA MAYAI

Katika karne ya kumi na tisa Waingereza wengi walihamia nchi za mbali, nao walitamani kuwa na mambo ya kwao huko waendako. Walichukua kondoo, ngano, maua, na hata ndege. Samaki ilikuwa shida. Samaki mzima hawezi kuvuka bahari ya joto katika pipa kwa muda wa miezi mitatu. Mayai nayo, yakipata joto, huanguliwa njiani, na watoto hufa.

Hapo ndipo ilipofaa ile siri ya baridi. Mtu mmoja, James Youl, alijaribu kuyaweka mayai katika vyumba vya barafu mjini London, akaona kwamba yakikaa katika barafu hukawia kuanguliwa kwa muda wa miezi. Majaribio ya kwanza ya kuyasafirisha kwa merikebu yalishindwa. Lakini mwezi wa Januari 1864 merikebu iitwayo Norfolk iliondoka Uingereza ikiwa na shehena ya barafu. Ndani ya barafu mlikuwa na masanduku, na ndani ya masanduku mayai yamelazwa katika yale majani laini ya kijani yaotayo juu ya mawe yenye unyevu. Mwezi wa Aprili merikebu ikafika Australia, na mayai yakapelekwa kisiwa cha Tasmania.

Mengi ya mayai yale yalikuwa ya samaki mwingine, samoni, ambaye ndiye hasa aliyetakiwa. Ya trauti yaliongezwa tu. Lakini samoni walipokua walikwenda baharini kama desturi yao, wala hawakurudi. Trauti wachache walioanguliwa walibaki mtoni, wakazaa. Yule aliyeongezwa ndiye aliyefanikiwa. Kutoka Tasmania walipelekwa New Zealand mwaka 1867. Mwaka 1890 trauti wa kahawia aliingia Afrika Kusini, na mwaka 1897 akafuata trauti wa upinde wa mvua.

GURA, MWAKA 1905

Mtu aliyemleta trauti Kenya ni Ewart Grogan, Mwingereza aliyejulikana kwa safari yake ya kutoka Cape hata Cairo, aliyoimaliza mwaka 1900. Alikuwa amepata ardhi na biashara katika nchi hii, na alipenda kuona katika mito ya milimani samaki wa kwao. Akaagiza mayai kutoka Loch Leven, ziwa la Uskoti lenye sifa kubwa kwa trauti wake, na mwaka 1905 samaki wakatiwa katika Mto Gura.

Na tuifikiri safari ile. Kwa bahari, mayai yalipita Mombasa. Kwa nchi kavu, reli ilikuwa imefika Nairobi tangu mwaka 1899. Lakini mwaka 1905 hapakuwa na barabara ya motokaa ya kupanda Nyandarua. Kila kitu kilichopanda mlima ule kilipandishwa kwa miguu ya wanyama au juu ya vichwa vya watu. Na mzigo wa mayai haukubali kuwekwa juani wala kucheleweshwa njiani. Yampasa mchukuzi aupandishe upesi, tena kwa uangalifu. Vitabu vyasema kwamba Grogan alileta trauti, na ni kweli. Lakini tusomapo historia yafaa tukumbuke kwamba neno "alileta" mara nyingi huficha mabega na vichwa vya watu wengi ambao majina yao hayakuandikwa.

Mwaka 1910 trauti wa upinde wa mvua naye aliletwa Kenya kutoka Afrika Kusini. Baada ya hapo samaki wa aina zote mbili walitiwa katika mito mingi ya Nyandarua na ya Mlima Kenya, ambao Wakikuyu huuita Kirinyaga. Katika Tanganyika vilevile walitiwa katika mito ya Kilimanjaro na ya nyanda za juu za kusini. Mwaka 1948 serikali ya Kenya ilijenga kituo cha kuzalishia trauti huko Kiganjo, karibu na Nyeri, ili watoto wa samaki wapelekwe mitoni bila kuagizwa ng'ambo.

STAREHE YA WACHACHE

Trauti hakuingia mtoni peke yake. Aliingia pamoja na sheria. Mtu aliyetaka kumvua alipaswa kununua leseni. Katika mito mingi ilikatazwa kutumia chambo chochote ila nzi wa bandia. Samaki mdogo alirudishwa majini, na idadi ya samaki ambao mtu aliruhusiwa kuwachukua ilikuwa na mpaka.

Sheria hizo zilikuwa na faida yake, maana mto mdogo waweza kumalizwa samaki kwa siku chache. Lakini tusifiche upande wa pili. Leseni, ufito, mshipi na nafasi ya kukaa mtoni siku nzima vilikuwa vitu vya walowezi na maofisa. Mwenyeji aliyezaliwa ukingoni mwa mto ule, ambaye mama yake alichota maji pale, sasa aliambiwa kwamba ndani ya maji yale mna mali ya serikali asiyoweza kuigusa. Ni kweli kwamba kwa jumla Wakikuyu wa zamani hawakuwa walaji wa samaki, na huenda wengi hawakumtamani. Hata hivyo, kutokitamani kitu ni jambo moja, na kukatazwa kitu nyumbani kwako ni jambo jingine.

Tena mgeni huyu hakuwa mwema kila mahali. Katika Afrika Kusini wamo samaki wadogo wa asili katika mito ya milima ya Drakensberg. Mmoja wao alielezwa na wataalamu mara ya kwanza mwaka 1938, kutoka mto mmoja wa Natal, kisha akatoweka katika mto ule, hata ikadhaniwa amekwisha kabisa. Mwaka 1970 akaonekana tena katika mito ya juu ya Lesotho. Trauti, ambaye humla na kumnyang'anya mahali pake, huhesabiwa kuwa moja ya sababu kubwa za kutoweka kwake. Basi atiaye samaki mgeni mtoni hatii samaki tu. Huugeuza mto wote. Ni neno la kukumbukwa na kila mtu afikiriye kutia samaki wapya katika ziwa au mto wa kwao.

JINSI YA KUUSOMA MTO

Mvuvi wa trauti, kabla hajarusha nzi wake, huusoma mto. Hutazama mambo manne, na mambo hayo mwanafunzi yeyote aweza kuyatazama bila leseni wala ufito.

La kwanza ni kimo cha maji. Masika, kuanzia Machi hata Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hata Desemba, mito ya Mlima Kenya na Nyandarua hujaa. Miezi ya ukavu hupungua. Mvuvi huchagua jiwe moja kubwa, akatazama kila siku maji yamefika wapi. Mto wa msitu mzuri hupanda taratibu na kushuka taratibu, kwa sababu udongo wa msituni hunywa mvua na kuitoa kidogo kidogo. Mto ambao msitu wake umekatwa hupanda kwa ghafula mvua inyeshapo, kisha hukauka upesi.

La pili ni rangi. Mto mwangavu huonyesha mawe ya chini. Mvua kubwa ikinyesha maji huwa mekundu au ya kahawia, trauti hawezi kumwona nzi, na mvuvi hurudi nyumbani. Lakini mvuvi huuliza zaidi: maji haya yatakawia siku ngapi kabla ya kusafika? Yakisafika kwa siku moja au mbili, nchi ya juu i salama. Yakikaa na tope wiki nzima, udongo wa shamba la mtu fulani unapita mbele ya macho yake, ukienda baharini.

La tatu ni joto. Wenye kipimajoto hukitia majini asubuhi na adhuhuri. Asiye nacho hutia mkono. Mahali penye miti ukingoni maji hubaki ya baridi. Mahali palipofyekwa jua huyapata maji moja kwa moja.

La nne ni wadudu. Inua jiwe lililo chini ya maji ya mwendo, uligeuze. Katika mto ulio mzima utaona wadudu wembamba wenye mikia miwili au mitatu, wakikimbia pande zote, na wengine wajengao vijumba vya mchanga na vijiti kama mrija mdogo. Wadudu hao hawavumilii uchafu. Ukigeuza mawe kumi na usiwaone, basi kitu kimeharibika huko juu, hata kama maji yaonekana maangavu.

MITO LEO

Watu wengi hudhani kwamba mito ya Mlima Kenya hutoka katika barafu ya kileleni. Barafu ile kweli yapungua. Wataalamu walipolipima bonge la barafu liitwalo Lewis mwaka 2010 waliona kwamba tangu mwaka 1934 lilikuwa limepoteza sehemu tisa katika kumi za ujazo wake. Ni hasara ya kusikitisha. Lakini maji mengi ya mito ile hayatoki katika barafu. Hutoka katika mvua inyeshayo juu ya misitu na nyanda za juu, ikahifadhiwa na udongo. Msitu ndio mtungi wa mlima. Barafu mwanadamu hawezi kuirudisha kwa jembe lake, lakini msitu aweza kuutunza au kuukata.

Kwa upande wa Nyandarua, watu walianza mwaka 1989 kujenga ua wa nyaya za umeme kuuzunguka msitu, na mwaka 2009 ua huo ukakamilika, urefu wake kama kilomita 400. Ulianza kwa ajili ya kuwalinda vifaru, lakini leo faida yake kubwa ni maji. Maji mengi yanywewayo katika mji wa Nairobi hutoka Nyandarua, kupitia mabwawa ya Sasumua na Ndakaini. Na mito ya Nyandarua na Mlima Kenya ndiyo iujazao Mto Tana, ambao mabwawa yake, kama Kindaruma la mwaka 1968 na Masinga la mwaka 1981, hutoa umeme. Mtu awashaye taa Nairobi au anyweshaye mpunga Mwea hutumia maji yale yale aliyoyalalia trauti.

Upande wa kaskazini na magharibi wa Mlima Kenya, katika mito ya Naro Moru, Burguret na Nanyuki, shida ni nyingine. Mashamba makubwa na madogo yamezidi, na kila moja lataka maji. Wakati wa kiangazi mifereji na mabomba hunywa sehemu kubwa ya mto kabla haujafika chini. Mito hiyo huingia katika Ewaso Ng'iro, ambao ni tegemeo la wafugaji wa nchi kavu ya Laikipia, Samburu na Isiolo. Katika miaka kadhaa ya ukame tangu miaka ya 1980 sehemu ya chini ya mto ule imekauka kabisa, na watu wa juu na wa chini wakagombana. Baada ya Sheria ya Maji ya mwaka 2002 viliundwa vyama vya watumiaji wa maji, ambavyo ndani yake mtu wa juu na mtu wa chini huketi pamoja na kupatana nani afungue mfereji siku gani. Kazi hiyo si rahisi, lakini ni bora kuliko mapanga.

Na trauti je? Yeye hana baraza. Maji yakipata joto hupanda juu, kutafuta baridi. Lakini mlima una kilele, na njiani mna maporomoko asiyoweza kuyaruka. Akifika hapo hana pa kwenda. Kwa hiyo, trauti wanapotoweka katika sehemu ya mto walipokuwa wakivuliwa zamani, mwenye akili hasemi tu, "Samaki wamekwisha." Huuliza, "Maji yamepatwa na nini?"

MGENI NA JEMBE

Wazee wetu walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Trauti amekaa katika mito hii zaidi ya miaka mia moja. Aliletwa kwa ajili ya starehe ya watu wachache, na wale waliomleta wamekwenda zao. Leo wako wakulima wa milimani wamfugao katika vidimbwi vilivyopitishwa maji ya mto, wakauza nyama yake. Wako vijana waongozao wageni mtoni na kulipwa. Hiyo ni kazi njema, nayo yathibitisha kwamba mgeni amekuwa mtu wa nyumbani.

Lakini jembe lake kubwa ni ushahidi. Ng'ombe hunywa maji yenye tope asiseme. Sisi wenyewe huyachota, tukayaacha yatuame mtungini, tukanywa. Trauti hawezi. Alipo trauti mwenye afya, pana maji ya baridi, masafi, yenye hewa, na nyuma ya maji hayo pana msitu uliosimama na kingo zisizolimwa hata majini. Ushahidi huo haukufikiriwa na mtu mwaka 1905, lakini ndio wenye thamani leo.

Basi wewe uishiye kando ya mto wa mlimani, usingoje mgeni mwenye ufito aje kukuambia hali ya mto wako. Chagua jiwe lako, utazame kimo cha maji. Andika katika daftari ni siku gani yalichafuka na siku gani yalisafika. Geuza mawe, uhesabu wadudu. Ukiwa mwalimu, wapeleke wanafunzi mtoni mara moja kwa mwezi, na madaftari yawekwe shuleni mwaka hata mwaka. Baada ya miaka kumi kijiji chenu kitakuwa na historia ya mto wake, iliyoandikwa na wenyeji. Na siku mtakapoketi barazani na watu wa juu au wa chini kugawana maji, mtakuwa na daftari la kuweka mezani, si maneno matupu.